Mashine ya kahawa ina uchafu wa aina tatu, na siki inaondoa mmoja tu

Ukiuliza namna ya kusafisha mashine ya kahawa ya nyumbani, karibu kila mtu atakujibu siki. Ushauri huo ni sahihi, ila haumalizi kazi. Mashine hizi za kuchujia, zenye tangi la maji nyuma na jagi la kioo mbele, hukusanya chokaa ya maji, mafuta ya kahawa na utando wa vijidudu. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya hiki haikigusi kile.

Nianze na chokaa, maana ndiyo inayoua mashine. Nilikaa Moshi, sasa niko Dodoma, na mashine ni ileile. Moshi tulitumia maji ya chemchemi za mlimani na tangi lilikaa safi muda mrefu. Dodoma maji yetu mengi hutoka visima virefu vya Makutupora, na haukupita muda birika la umeme likaota magamba meupe. Maji ya chini ya ardhi hupita kwenye miamba yakabeba kalsiamu na magnesiamu. Yakiwa baridi huoni kitu. Yakipata moto, sehemu ya madini hayo hugeuka chokaa na kugandia palepale penye moto.

Na kwenye mashine, penye moto ni mahali usipoweza kupaona. Chini ya ile sahani inayopasha jagi kuna kijibomba cha chuma kilichopinda umbo la herufi U. Maji hushuka humo kutoka tangini, yakichemka yanasukumwa juu na mvuke wake mpaka kwenye kikapu cha kahawa. Chokaa ikijijenga humo ndani, njia inabana na moto haufiki vizuri kwenye maji. Mashine inaanza kukoroma kuliko zamani, inachelewa, inabakiza maji tangini, na kahawa inatoka chapwa. Kahawa hutoa ladha yake vizuri maji yakiwa kwenye nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi. Watu wengi wakifika hapo hulaumu kahawa, wanaacha ya Mbinga wanajaribu ya Kilimanjaro, kumbe ubaya uko kwenye bomba.

Chokaa dawa yake ni asidi, na hapo ndipo siki inapoingia. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, jaza tangi, washa bila kahawa. Yakishapita nusu, zima. Acha kama nusu saa hadi saa moja ili asidi iyeyushe chokaa polepole, halafu washa umalizie. Mimi napendelea ndimu ya unga, ile ya kutengenezea achari na ubuyu: vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji, koroga iyeyuke kabisa kabla ya kumimina. Haiachi harufu. Siki hukaa kwenye plastiki, na baadhi ya watengenezaji wanaikataza kwa sababu ya mipira ya ndani, kwa hiyo soma kwanza kijitabu kilichokuja na mashine. Juisi ya ndimu au limau usiitie kwenye mashine. Ina nyuzinyuzi na sukari, vyote vitabaki kwenye kijibomba.

Kisha pitisha maji matupu mara mbili au tatu, tangi zima kila mara.

Mafuta ni habari nyingine. Ule weusi unaong'ang'ania jagi na kikapu, wenye utelezi kidogo ukiugusa, ni mafuta ya kahawa yaliyokaukia hapo. Yakikaa sana yanachacha, na kila kahawa mpya inayopita juu yake inachukua ladha hiyo chungu ya zamani. Ukitumia chujio la karatasi, karatasi inazuia sehemu kubwa ya mafuta. Ukitumia chujio la waya, yanapita yote, basi jagi litachafuka upesi zaidi. Siki haina kazi hapa. Kinachotakiwa ni sabuni na maji ya moto kila siku, na weusi ukishakomaa, magadi soda: kijiko kimoja kikubwa kwenye jagi, jaza maji ya moto, acha nusu saa, sugua kwa sponji laini. Utaona maji yanageuka rangi ya chai yenyewe. Usisahau kifuniko cha jagi. Kigeuze chini juu, utakuta kitobo ambacho kahawa hupitia kimejaa utando mweusi mpaka kwenye ukingo. Mswaki wa zamani ndio unaofika humo.

Kuna video nyingi zinazoonyesha siki na magadi soda vikitiwa pamoja, povu linapanda, linapendeza kutazama. Povu hilo ni gesi tu. Asidi na magadi zimemalizana, ulichobaki nacho ni maji yenye chumvi ambayo hayawezi chokaa wala mafuta. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine.

Sasa vijidudu, ambavyo naomba tuvichukulie kwa uzito zaidi. Mwaka 2011 shirika la NSF la Marekani, linalokagua usalama wa vyakula na maji, lilipima vifaa vya kila siku majumbani, na tangi la mashine ya kahawa likaingia kwenye sehemu kumi zilizoongoza kwa vijidudu. Sababu yake iko wazi ukifikiria. Mzee anayeuza kahawa barazani huchemsha birika lote juu ya mkaa, hakuna pembe isiyopata moto. Tangi la mashine halichemki hata siku moja. Maji yanapata moto yakishatoka humo. Kwa hiyo tangi hubaki na unyevu, joto kidogo, giza na kifuniko kilichofungwa, na ukungu hautaki zaidi ya hapo. Ingiza kidole upapase kuta za ndani. Pakiteleza, kuna utando.

Tangi linalotoka, lioshe kwa sabuni na maji ya moto. Kama ukungu umeonekana, loweka vile vipande vinavyotoka kwenye maji yenye jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja kikubwa kwa lita nne, dakika mbili, kisha suuza sana na uanike vikauke. Jiki isipite ndani ya mashine kamwe. Na isikutane na siki wala ndimu ya unga, hata kwenye sinki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu. Kama una watoto wanaosaidia jikoni, waambie hivyo waziwazi.

Tangi lisilotoka halifikiki vizuri, basi kinga ndiyo dawa. Usilaze maji tangini. Mwaga mashapo ya kahawa mara tu unapomaliza kunywa, maana kikapu chenye mashapo mabichi huota ukungu upesi, hasa ukisafiri. Acha kifuniko wazi kutwa nzima.

Kuhusu chokaa, kwa maji ya Dodoma mimi huitoa kila mwezi. Mwenye maji laini anaweza kwenda miezi mitatu. Na wengi wetu tayari tunachemsha maji ya kunywa: yaache yapoe, yatulie, kisha mimina taratibu yale ya juu uyatumie kwenye mashine. Ule unga mweupe unaobaki chini ya sufuria ndio ungeishia kwenye kijibomba. Maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa yanafaa pia.

Ukishasuuza, onja maji ya mwisho yaliyotoka kabla hujatia kahawa. Yakiwa na ukali wowote ulimini, pitisha tangi lingine.