Muulize Fundi Vibao: Mgeni na K/KOO

*Shikamoo Fundi. Mimi ni katibu kwenye kituo kimoja cha daladala hapa Dar es Salaam. Tunapata abiria kutoka Kongo, Burundi na Comoro, wanakuja kununua mzigo Kariakoo au kutibiwa Muhimbili. Wengine Kiswahili chetu kinawapiga chenga, Kifaransa ndicho wanachokijua. Tunataka kibao kikubwa cha Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Utatuandikia kwa bei gani?*
Katibu, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Bei tutaongea, ila kwanza nikupunguzie gharama. Kariakoo kwa Kifaransa ni Kariakoo.

Mgeni huja na jina kwenye kikaratasi au kwenye simu, kaandikiwa na nduguye. Anatazama herufi za karatasi, anatazama za kwenye gari, anatafuta zinazofanana. Sisi tumemwandikia nini? K/KOO. G/MBOTO. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu miaka mingi, maana ubao mwembamba na tajiri ana haraka. Siku moja mama mmoja wa Bujumbura alisimama mbele ya gari nililolimaliza asubuhi ileile, kikaratasi mkononi: Gongo la Mboto. Gari likajaa, likaondoka, yeye bado anatafuta. Nilikuwa pale pale, naosha brashi.

Kwa hiyo jina zima, bila ule mkwaju (/) wa kukatia. Na herufi za kawaida, siyo zile za kivuli na mapambo ninazosifiwa nazo mjini.

Mistari ya rangi ubavuni mwa daladala tunayo tayari, lakini rangi ipi inakwenda wapi, hilo tunalijua wenyeji. Nitaichora mistari hiyohiyo kwenye kibao, kila mmoja na majina yake ya mwanzo na mwisho wa safari.

Halafu picha. Mexico City walipofungua metro mwaka 1969, kila kituo kilipewa alama, kwa kuwa abiria wengi hawakujua kusoma. Chapultepec ni panzi. Kwa Kinahuatl jina hilo ni kilima cha panzi. Sisi tuna bahati kuliko wao. Pita Barabara ya Morogoro uhesabu vituo vya mabasi ya mwendokasi: Bucha, Mwembechai, Magomeni Mapipa, Fire. Pipa nakuchorea wakati chai inapoa. Kituo cha Argentina ndicho kitanitoa jasho, labda mpira.

Vizimba vya kupakia abiria navyo vipe namba, kubwa, juu ya vichwa vya watu. Namba 4 Mrundi anaisoma, Mngazija anaisoma.

Lakini sishiki rangi kwanza. Tutachora kwa chaki ukutani, umtafute mgeni mmoja asiyeijua Dar, umpe kikaratasi, usimwambie neno. Makonda nao wanyamaze dakika tano, kama wanaweza. Pale atakapoganda, ndipo tufute tuchore upya. Chaki nitakuja nayo mwenyewe. Rangi ya mafuta utanunua wewe.