Huelewi Kifaransa? Anza na Dee Dee Bridgewater

Wapenzi wa jazi huniuliza waanzie wapi na nyimbo za zamani za Kifaransa, zile za kina Édith Piaf na Charles Trenet, na wengi wao Kifaransa chao kinaishia kwenye “bonjour”. Huwaambia watafute J'ai deux amours ya Dee Dee Bridgewater, albamu ya mwaka 2005.

Bridgewater ni Mmarekani mzaliwa wa Memphis aliyekaa Ufaransa miaka mingi. Nyimbo hizi amezipata kwa wenyewe, ila anaziimba kijazi. Hata jina la albamu ni la wimbo aliovuma nao Josephine Baker mwaka 1930, Mmarekani mweusi mwenzake aliyehamia Paris: mapenzi yangu ni mawili, kwetu na Paris.

Usiende kwa mpangilio wa albamu. Anza na La mer ya Trenet. Huenda utaitambua mara moja, kwa sababu Bobby Darin aliivumisha kwa Kiingereza kama Beyond the Sea. Kisha nenda Et maintenant, ambayo Waingereza na Wamarekani wanaijua kama What Now My Love. Sikio likishapata pa kushika, maneno hayakusumbui tena. Kwani Kilingala tumekicheza miaka mingapi bila kuelewa hata nusu yake?

Sikiliza pia kodiani ya Marc Berthoumieux. Aliyekulia kwenye taarab ya Unguja hataiona ngeni, ila kule imezoea kwenda bega kwa bega na fidla. Hapa haina kundi la kujificha nyuma yake. Iko na gitaa, besi na ngoma za mkono, na pumzi zake zinasikika.

Ne me quitte pas ndiyo pekee ninayokushauri usome maana yake kwanza. Mbelgiji Jacques Brel aliirekodi mwaka 1959: mtu anambembeleza mpenzi asimwache, anajishusha, anajishusha, mpaka anaomba awe japo kivuli cha mbwa wake. Ukishalijua hilo, msikilize Brel, halafu Nina Simone wa mwaka 1965, ndipo umrudie Bridgewater, zote jioni moja. Mimi namweka Simone juu ya wote. Kifaransa chake kina lafudhi nzito, na ndiyo maana kinauma. (Mashabiki wa Brel watanisamehe.)

Albamu za namna hii ni nyingi, na nyingine ni muziki wa mapokezi ya hoteli: kila wimbo umetiwa bosanova ileile, yaani mdundo laini wa Kibrazili, mwimbaji ananong'ona tu. Kabla hujalipa, tafuta kama umo wimbo Les feuilles mortes, shairi la Jacques Prévert kwa muziki wa Joseph Kosma, ambao wanajazi wanauita Autumn Leaves. Kabla ya ile sehemu maarufu kuna utangulizi mrefu, karibu kama mtu anayesimulia, na mwimbaji Yves Montand alikuwa akiuimba. Wanajazi wengi huukata na kuingia moja kwa moja kwenye kiitikio. Mwimbaji akiuacha utangulizi huo, msikilize kwa makini kwanza kabla ya kutoa hela. Akiuimba, tena polepole, bila haraka ya kufika kunakojulikana, mimi hununua.