Fadhilini darasa zima, acheni kufadhili kundi

Nawaandikia ninyi mnaoendesha taasisi na mifuko ya elimu, pamoja na wanaofikiria kuanzisha. Nimefundisha shule za msingi za serikali kwa miaka mingi, sehemu kubwa wilayani Kiteto, mkoani Manyara. Baadaye nikakaa upande wenu wa meza, nikisoma maombi ya msaada yanayotoka shuleni. Ombi langu limo kwenye kichwa cha habari hapo juu.

Tangu Januari 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila ada, madarasa yamepokea watoto ambao zamani wasingefika shuleni. Kiteto yenyewe ni mchanganyiko wa watu: kuna Wamasai na mifugo yao, Wagogo, Warangi, Wanguu, Wakamba, na wakulima wengine waliofuata ardhi ya mahindi. Mtoto anaingia darasa la kwanza akijua Kimasai tu. Anayekaa naye dawati moja anajua Kirangi. Nyuma yupo kijana mkubwa aliyekuwa anachunga hadi mwaka jana, na mbele yupo mwenye ualbino asiyeona ubao vizuri. Mwalimu ni mmoja. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu, na kila aliyefundisha kijijini anajua jinsi kiwango hicho kinavyobaki kwenye makaratasi.

Sasa wafadhili wanakuja, kila mmoja na kundi lake. Huyu anataka wasichana tu, yule wenye ulemavu tu, mwingine jamii za wafugaji. Kila mmoja ana fomu zake, semina yake na siku yake ya kupiga picha. Fomu zote anajaza mwalimu yule yule, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Inaniuma, kwa sababu wote hao wana nia njema na fedha wanazo.

Chukueni mfano wa mtoto mwenye ualbino. Wengi hufikiria ngozi yake kwanza, na ni kweli anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, ambayo hata hapa nchini inatengenezwa, kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Lakini akiwa darasani, kinachomkwamisha ni uoni hafifu. Nilikuwa na binti mmoja wa darasa la nne aliyekuwa akinyanyuka, anasogea hadi pua inakaribia kugusa ubao, anashika maneno matatu kichwani, anarudi kuandika, kisha anasimama tena. Wenzake wakifunga madaftari, yeye ndiyo kwanza yuko mstari wa tatu. Kuna taasisi iliyotuletea kompyuta mpakato kwa ajili ya watoto kama yeye, ikakaa kabatini kwa mwalimu mkuu, maana umeme haukuwepo. Kilichomsaidia binti yule ni kopo la rangi ya ubao. Ubao wetu ulikuwa umepauka kiasi kwamba chaki haionekani. Tuliupaka upya, tukamtoa kwenye mwanga mkali wa dirishani, nami nikawa naandika herufi kubwa huku nasoma kwa sauti kila ninachoandika. Akaanza kumaliza kazi zake kwa wakati. Wa madawati ya nyuma nao wakaanza kumaliza, na wale ambao Kiswahili kilikuwa bado kigeni kwao wakawa wanalisikia neno huku wanaliona.

Ndiyo maana nasema darasa zima. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Rangi, chaki, manila na kitasa cha mlango vyote vinagombania kinachobaki. Wekeni fungu dogo ambalo mwalimu anaweza kuliomba kwa ukurasa mmoja, akajibiwa ndani ya wiki mbili, na kamati ya shule ikasimamia matumizi yake.

Kuhusu lugha, mwajirini mtu wa pale pale. Kila kijiji kina kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayejua Kimasai au Kirangi sawasawa na Kiswahili. Mlipeni posho ya kueleweka akae na darasa la kwanza kwa mwaka mzima, chini ya mwalimu. CAMFED, shirika linalosomesha wasichana, wamekuwa wakifanya jambo la namna hiyo: mabinti waliosomeshwa wanarudi katika shule za maeneo yao kuongoza vipindi vya stadi za maisha vya Dunia Yangu Bora. Sioni kwa nini utaratibu huo usitumike kuwavusha watoto kutoka lugha ya nyumbani.

Sare na viatu toeni, sina neno.

Semina za hotelini mjini ndizo ningependa zipungue. Mwalimu akiondoka siku tatu, watoto wake wanabaki na kiranja. Shule tayari zina utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana kwenye jumuiya za kujifunza hapo hapo shuleni. Lipieni nauli ya mwalimu wa elimu maalumu aje akae nao, aone watoto wenyewe, awaonyeshe namna ya kumpanga asiyesikia vizuri na namna ya kupata vitabu vya maandishi makubwa. Na kama mna fedha ya kutosha, msomesheni mwalimu mmoja wa kila kata pale Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichoko Arusha, kwa makubaliano kwamba atarudi kwenye kata yake.

La mwisho ni kalenda. Muhula unaanza Januari, lakini fedha nyingi za wafadhili nimeziona zikifika katikati ya mwaka, darasa likiwa limeshazoea kukosa. Njooni kuuliza Septemba, darasa la saba wakishamaliza mtihani wao, maana hapo mwalimu ana muda wa kuwajibu. Fedha zifike kabla shule hazijafungwa Desemba, ili likizo itumike kununua na kutengeneza.