Masikio yamesimama, mdomo haufunguki

SWALI: Shikamoo daktari. Siku nane zilizopita mbwa wangu alichomwa na msumari wayoni. Sasa masikio yamesimama yakasogeleana, paji la uso limekunjamana, na mdomo haufunguki vizuri. Jirani anasema ni kichaa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Dalili hizo zinaelekea pepopunda. Mbwa huipata kwa nadra, kwani mishipa yake ya fahamu huihimili sumu ya ugonjwa huo kuliko ya binadamu au farasi. Kwa kawaida dalili huanza siku 5 hadi 10 baada ya jeraha. Hata hivyo, huwezi kujua kwa macho tu kwamba si kichaa cha mbwa: usimtie mkono mdomoni, na beba kadi yake ya chanjo.

Mpeleke leo hii. Kidonda kitafunguliwa na kusafishwa, maana vijidudu vya pepopunda hustawi pasipo hewa, kisha atapewa metronidazoli, dawa ya kuviua. Dawa ya kingasumu huinasa sumu ambayo bado haijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Iliyokwisha kushika haing'oki. Ndiyo maana kuchelewa kunaumiza. Kingasumu hujaribiwa kwanza kwa tone dogo chini ya ngozi, kwani yaweza kuleta mzio mkali.

Akirudi nyumbani, mlaze chumba chenye giza na kimya, pamba masikioni, godoro nene. Mlango ukibamizwa tu, mwili mzima hukakamaa. Mgeuze ubavu kila saa 4, mpe chakula laini kidogo kidogo, na hakikisha anakojoa, asipokojoa, mrudishe. Kupona huchukua wiki 3 hadi 4, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.