Barua kwa mwanangu: usisubiri moto uwake kwanza

Mwanangu mpendwa,

Hapa Kirumba hatujambo, na baba yako anakusalimu. Umeniandikia kwamba mahubiri ya kitabu cha Hagai uliyoyasikia huko Dodoma yamekuonyesha kuwa Mungu anakukemea kwa miaka uliyokwenda kanisani kwa mazoea tu, lakini unaogopa kurejea kwenye kwaya kabla moto wa zamani haujawaka moyoni, usije ukawa mnafiki. Unaniuliza kama usubiri.

Usisubiri. Kisome tena kitabu hicho kifupi, uangalie lipi lilitangulia lipi. Watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walikuwa wameweka msingi wa hekalu, wakazuiwa na adui zao, na kizuizi kile kikageuka kisingizio. Kwa miaka kama 16 kazi ililala, nao wakisema wakati haujafika, huku wamekaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao. Nabii Hagai aliposimama mwaka wa 520 kabla ya Kristo, hakuwaambia wachunguze kwanza kama mioyo yao ina joto. Aliwaambia wapande milimani wakalete miti. Wakakubali kutii, ndipo wakaahidiwa kwamba Bwana yu pamoja nao, na baada ya hapo roho zao zikaamshwa. Tangu neno lile la kwanza hadi siku walipoanza kazi hazikutimia wiki nne.

Hapa Mwaloni, soko letu la samaki, yuko mama mmoja ambaye zamani alikuwa akianika dagaa wake juu ya chanja, kisha akalegea, akawa anawamwaga mchangani kwa kuwa ni rahisi. Mteja mmoja alipomweleza mbele yetu kwamba dagaa wake wana mchanga, hakubishana wala hakuomba muda wa kufikiri. Alifungua gunia, akalimwaga juu ya turubai, akaanza kupepeta huku uso umemwiva kwa aibu. Sidhani kama alifurahia hata dakika moja ya kazi ile, lakini sijamsikia mtu akimwita mnafiki.

Nikueleze na hili, kwa sababu najua utaulizwa na wenzako. Sikubaliani na wanaoona kila hasara kuwa fimbo ya Mungu. Ziwa letu lina pepo zake, na marafiki wa Ayubu, waliodai kwamba mateso yake ni adhabu ya dhambi, walikemewa na Mungu. Wewe, hata hivyo, hukuniandikia habari za hasara. Umeniandikia kwamba neno limekuchoma mahali unapopajua mwenyewe, na jambo hilo halihitaji kupigiwa ramli.

Mahali penyewe umepataja kwa haraka mwishoni mwa barua, kana kwamba ni jambo dogo: fedha za sare za kwaya ulizokabidhiwa, ukazitumia kumalizia paa la nyumba yako. Hapo ndipo penye miti yako ya kuteremsha mlimani. Kuomba na kufunga ni vyema, ila usivifanye kuwa njia ya kuahirisha. Mpelekee mweka hazina kiasi ulicho nacho wiki hii hii, umweleze ukweli wote bila kuupamba, na mpatane tarehe ya kumaliza kilichobaki. Kikipungua kidogo niambie, nitatuma kwa simu, lakini fedha hizo uzipeleke wewe mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
Kirumba, Mwanza