Gharama za jengo la ghorofa Italia: uliza kabla ya kulipa

Wewe uliyefika Italia juzi ukapanga chumba ghorofani, ipo siku mwenye nyumba atakuletea karatasi ya gharama za kondominio, yaani gharama za pamoja za jengo zima. Usiilipe kwa pupa, wala usiitupe. Mpangaji na mwenye nyumba hawadaiwi vitu vilevile.

Sheria namba 392 ya mwaka 1978, kifungu cha 9, inambebesha mpangaji usafi, maji, umeme, joto la mabomba, na uendeshaji na matengenezo ya kawaida ya lifti, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Kama kuna bawabu, mpangaji hulipa asilimia 90 ya gharama yake. Paa likijengwa upya au lifti ikibadilishwa, hilo kwa kawaida ni la mwenye nyumba. Kuna wanaotozwa hata paa, nao hulipa kimya kwa kuona haya. Haya ya nini? Kifungu hichohicho kinakupa haki ya kuonyeshwa mchanganuo, namna gharama zilivyogawanywa, na stakabadhi zenyewe. Omba kwa maandishi. Una miezi miwili ya kulipa tangu udaiwe, ila usilale: deni la gharama hizi likizidi kodi ya miezi miwili, mkataba unaweza kuvunjwa.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui: kwenye mkutano wa jengo, gharama na uendeshaji wa mfumo wa joto zikijadiliwa, anayepiga kura ni wewe, si mwenye nyumba wako.

Ukifikia kununua, hesabu hubadilika. Jengo zima huhesabiwa kuwa sehemu 1,000, zinazoitwa milesimi, na kila nyumba ina zake kulingana na thamani yake. Ngazi na lifti zina kanuni ya peke yake: nusu ya gharama hufuata thamani, nusu hufuata urefu wa ghorofa kutoka chini. Kwa hiyo mandhari ya ghorofa ya sita utayalipia kila mwaka. Kabla ya kusaini kwa mthibitishaji (notaio, ofisa anayethibitisha mkataba wa mauzo), dai barua ya msimamizi wa jengo inayoonyesha kama muuzaji anadaiwa, kwa sababu mnunuzi hubanwa pamoja naye kwa madeni ya mwaka unaoendelea na uliotangulia.

Mikutano nayo usiipuuze. Mkutano huitwa mara mbili: wito wa kwanza mara nyingi hupangwa saa ambazo hata paka wamelala, makusudi, ili idadi ya watu isitimie na ushindikane. Wito wa pili unatosheka na theluthi moja ya wamiliki wenye theluthi ya thamani, na wanachoamua kinakufunga hata kama hukuwepo. Huwezi kwenda? Mpe mtu idhini ya maandishi. Kama uamuzi umekiuka sheria, asiyehudhuria ana siku 30 za kwenda mahakamani tangu apokee taarifa.

Na usisusie malipo kwa sababu lifti imekufa. Msimamizi anaruhusiwa kupata amri ya mahakama dhidi ya mdaiwa bila kuuliza mkutano, nayo hutekelezwa papo hapo. Lipa, kisha lalamika kwa barua ya rejista.