Kisoma QR kimoja kwa mashine tatu za pinball

Ndugu, nimekuelewa: una mashine tatu za pinball (mchezo wa kupiga kigololi ndani ya meza yenye kioo) za kampuni ya Stern nyumbani, kisoma QR cha Insider Connected, huduma ya mtandaoni ya Stern ambayo mchezaji huingia kwa kuskani msimbo wake, ni kimoja, na hutaki kununua vingine viwili.

Kabla ya kuhamisha kisoma, jaribu Home Team, sehemu ya Insider Connected. Huwaruhusu wachezaji wa nyumbani kuingia kwenye akaunti bila kuskani. Soma kwanza masharti ya uanachama. Kumbuka pia kwamba kila mashine husajiliwa peke yake na huhitaji kuunganishwa yenyewe kwenye Wi-Fi.

Ukiamua kuhamisha, zima mashine na uchomoe waya ukutani. Kioo kinachofunika meza ya kuchezea, ambacho utakitoa ili kufikia kisoma, ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: kilaze juu ya taulo nene, kamwe usikisimamishe kwenye sakafu ya zege au vigae, maana kona ikigonga kidogo tu kinasambaratika chote. Unapochomoa kisoma, shika plagi yake yenyewe, usivute waya.

Kuhamisha kila wiki sikushauri, soketi zitalegea. Weka kisoma kwenye mashine mnayoichezea zaidi. Pini ya plagi ikipinda au mashine ikigoma kuwaka, usichokonoe, mwite fundi wa pinball.